Migomba ya Mama Mkwe na Ndama Nasimiyu

Bwana apewe sifa, akina mama na akina baba wa Kimilili. Mwenyekiti amenipa kiti nikakataa. Si madharau. Mimi nikiketi maneno yanakwama, kwa hivyo mnivumilie nikitembeatembea hapa mbele.

Nimeolewa huko juu ya Endebess, karibu na msitu wa mlima. Jirani yetu kuna makao ya ndama wa ndovu waliookolewa. Wengine walitolewa kwenye mashimo, wengine walipatikana wamesimama kando ya mama aliyekufa. Makao yalipotafuta mkulima wa kuwapandia chakula, nilisema mimi hapa. Majirani wakacheka. Si mnajua vile ndovu walitumalizia mahindi? “Ati sasa unampikia mwizi?” Nikawaambia mwizi ni yule mkubwa, huyu ni mtoto.

Na huyo mtoto, yule aliyenifanya nisimame hapa leo, alifika kiangazi, mbavu zote nje, mkonga unatetemeka. Mama mkwe wangu alimtazama akasema, “Huyu ni Nasimiyu.” Si ndiyo kawaida yetu, msichana wa wakati wa jua anaitwa hivyo? Baadaye ndama akaanza kuacha maziwa na kula majani, na majani ni ya shamba langu. Ndugu zangu, nawaambia, usingizi ulinihama.

Kwa sababu mvua si ile tena. Ya kwanza ilinyesha kwa nguvu, nami nikafanya vile mama alinifundisha kwetu Matulo: udongo ukilowa, panda. Nikapanda majani ya nepia, malenge, na mahindi ya kukatwa yakiwa mabichi. Halafu mbingu zikafungwa. Mimi kutulia siwezi. Nikawa nazunguka shambani kutwa, naangalia wingu, nafukua mbegu na kidole nione kama imeota, naifunika, kesho nafukua tena. Cheka, mama, cheka! Hata zile zilizotaka kuota nilizinyima nafasi. Mzee wangu akaniambia, “Keti bana, mvua haiitwi na miguu.” Nikamjibu vibaya. Nikapanda mara ya pili, ikaja mvua ya mawe ikalaza kila kitu.

Makao wakanunua nyasi kavu Kitale. Ndama wakubwa wakala. Nasimiyu akakataa. Alikuwa anaishika kwa mkonga, anaizungusha, anaiacha ianguke. Mlezi wake akaniambia, “Mama, huyu anataka kitu kina maji. Akiendelea hivi tutampoteza.” Niliogopa, jamani. Sijawahi kuogopa hivyo kwa sababu ya mnyama.

Nikarudi nyumbani mbio. Nyuma ya jikoni, pale maji ya kuoga na ya kuosha vyombo yanaelekea, kulikuwa na kitu kimoja tu cha kijani: migomba ya mama mkwe. Kila akipata mjukuu anapanda mmoja. Kwake hakuna mtu anagusa hata jani la kufunikia ugali bila kuomba. Nikasimama mbele yake na panga mkononi, nikaomba.

Akasema, “Wewe msichana wa Matulo, mbio zako zinakuziba macho. Mgomba ukishazaa ndizi umemaliza kazi, unangojea tu kuoza. Ukikatwa, watoto wake wanapata nafasi. Lete hiyo panga.” Akaanza na ule wa kifungua mimba wangu. Alipiga, na maji yakaruka mpaka kwenye gauni yake.

Nikabeba gogo la mgomba kichwani hadi makao. Nasimiyu akalinusa. Akalikanyaga likapasuka, akachomoa moyo wake mweupe, akautia mdomoni. Akanyoosha mkonga tena. Nililia, nikatembea huku nalia, mlezi akadhani nimepata wazimu.

Lakini migomba ya boma moja haimshibishi ndovu. Nikawapigia dada zangu Matulo, na ninyi hapa mkasikia. Mlizoea kukata ile iliyozaa na kuiacha shambani. Mkaanza kuiweka kando ya barabara, na pikapu ya makao ikawa inapita kubeba. Wengine wenu hamjamwona huyo ndama hata siku moja. Wengine mashamba yenu yalishakanyagwa na ndovu hao hao, na bado mlikata. Asanteni sana. Asante kwa mlezi aliyelala zizini naye. Asante kwa mzee wangu, nilikujibu vibaya na hukunifukuza.

Funzo langu ni dogo. Usitegemee mbingu peke yake. Angalia maji ya jikoni kwako yanaenda wapi, na upande hapo. Na mbegu ukishaifunika, iache. Hili la pili bado linanishinda, lakini najaribu.

Pale mlangoni nimewaletea miche ya migomba, kila mtu abebe mmoja. Chai mtaninywia. Nasikia ngurumo, na asubuhi mama mkwe amechimba shimo lingine nyuma ya jikoni. Nikamuuliza, “Mama, kwani nani amezaa?” Akasema, “Hujui kuhesabu wajukuu wangu? Nasimiyu bado hana mgomba.” Ananingoja tuupande.