Kidonge Chenye Ufa

Ndani ya basi, dada wa kiti cha mbele yangu alikuwa anamwambia mzee jirani yake, ambaye hata hawajuani, kwamba leo anakwenda kumuaga profesa wake, anaacha masomo. Miaka minne anasomea udaktari, si ule wa sindano, ni wa betri isiyo na majimaji ndani. Anasaga unga, anaugandamiza uwe kidonge, anakichoma kwenye tanuru. Kila kidonge kinatoka na ufa.

"Mnafungua tanuru likiwa bado la moto?" mzee akauliza.

"Napewa masaa manane tu, babu. Mwenye zamu inayofuata anakuwa ameshasimama mlangoni na unga wake."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mimi nimechoma vigae miaka thelathini, mwanangu. Tukishazima tanuru, hata meneja abweke vipi, tunacheza karata. Siku hizi pale kiwandani wanauza magari. Ile harufu ya vigae vikipoa naikumbuka kuliko sauti ya marehemu mke wangu, Mungu anisamehe."

"Vigae si betri, babu."

"Ufa ni ufa. Umewahi kukiacha kimoja kipoe chenyewe?"

Mimi shule niliiacha darasa la sita, na jibu nililijua.

"Kwa mwendo huo nitamaliza lini?" dada akasema.

"Na ukiacha leo, utamaliza lini?"

Basi likasimama kwenye geti la chuo. Dada akainuka, akashika bomba, akabaki hapo hapo. "Mlikuwa mnalizima siku gani?"

"Ijumaa mchana. Jumatatu tunalikuta limepoa."

"Leo Ijumaa, na wikiendi tanuru halina mwenye zamu," dada akasema, kama anajiambia mwenyewe.

Kondakta akagonga bati. "Dada, unashuka au hushuki?"