Wasifu wa Bi Presha, Fundi wa Mashine ya Kukamua Zabibu

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli ya baba yake. Mama yao alikuwa akisema mtoto huyu alijua kushika spana kabla ya kijiko.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kunyamaza. Akiwa darasa la sita aliifungua kengele ya umeme ya shule ili aone sauti inatokea wapi. Alichapwa, kisha akaombwa kwa upole airudishe, maana hakuna mwalimu aliyejua skrubu ipi inaingia wapi.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa na kiwanda cha mvinyo kama mfagizi. Kwa miaka mitatu alifagia akiizunguka mashine ya kukamua zabibu, huku akimtazama fundi wake, mzee aliyeipiga teke kila ilipogoma. Mzee alipostaafu, mafundi wawili walioletwa wakashindwa kuiendesha. Mfagizi akaegemeza ufagio ukutani, akaongeza mafuta, akaiendesha. Ufagio ule hakuurudia tena, na wenzake wakambandika jina la Bi Presha.

Wageni walipouliza mashine inavyofanya kazi, aliwaeleza bila kuchoka, hata waliokwisha kuchoka wao. Pampu ndogo inasukuma mafuta kupitia bomba hadi chini ya pistoni pana. Kwa kuwa pistoni ni pana, nguvu kidogo ya pampu inakuwa kubwa, nayo inapandisha kapu la zabibu mpaka zabibu zibanwe na sahani ya chuma iliyo juu. Juisi inachuruzika kati ya mbao za kapu. Ukishakamua, unasubiri kidogo juisi ipate njia, ndipo unakamua tena. Mwenye pupa husaga mbegu, na mvinyo wake huwa mchungu. Kila jioni alifungua presha, akatoa makapi, akaosha kapu kabla sukari haijakauka, akafuta pistoni na kukagua mipira inayozuia mafuta yasivuje. Tone moja la mafuta likiingia kwenye juisi, alisema, pipa zima linamwagwa.

Mwaka 1976 meneja alimwamuru apitishe mshale wa geji ya presha ng'ambo ya mstari mwekundu wa hatari, kwa kuwa lori lilikuwa linasubiri. Marehemu hakubishana. Alimkabidhi mpini wa pampu.

"Sukuma wewe, mzee. Sisi tutakuwa nyuma ya nguzo ile."

Meneja alitazama geji, akatazama nguzo, akaenda kumwambia dereva wa lori asubiri.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 27 Agosti 1977, na mtunza stoo wa kiwanda, aliyemtongoza kwa kumfichia mipira mipya ya pistoni. Wageni wakiwa wameketi, ikaja habari kwamba pampu inasukumwa lakini pistoni haipandi, na kapu limejaa zabibu zinazoanza kuchacha. Bibi harusi akauliza kama kuna aliyeongeza mafuta. Hakuna. Basi hewa imeingia, akasema, akaondoka na gauni lake. Bwana harusi alimfuata akiwa amebeba kopo la mafuta. Marehemu alijaza tangi, akalegeza skrubu ya kutolea hewa, akamwambia mumewe asukume mpini taratibu mpaka mapovu yaishe. Yakaisha. Walirudi baada ya saa mbili, gauni likiwa na doa jeusi ambalo mama mkwe hakulisahau hadi alipofariki. Walijaliwa watoto watatu.

Alistaafu mwaka 2011, akimwachia mashine binti yake mkubwa, lakini aliendelea kupita "kusalimia" akiwa na spana mkobani. Mwaka 2015 daktari alimwambia ana presha. Marehemu akauliza ni ngapi, na mstari mwekundu uko wapi. Alipoambiwa ameshaupita, alinyamaza, jambo lililomtia daktari hofu zaidi. Tangu siku hiyo hakukosa kidonge. Alijiandika kwenye kadi ya matengenezo iliyobandikwa jikoni: mafuta kila Jumatatu, mipira kila msimu, yeye kila asubuhi.

Mwezi Agosti 2023 moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa siku tisa, akaomba arudi nyumbani. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Septemba 2023, alimuuliza binti yake kama kapu limeoshwa. Binti akasema limeoshwa. Akauliza, "Kwa maji au kwa maneno?" Kisha akalala, hakuamka tena.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na dada mmoja, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu. Mumewe ameomba isomwe hapa kwamba kwa miaka arobaini na sita hakuwahi kumshinda mkewe kwa hoja hata moja, na kwamba angependa sana kuendelea kushindwa.

Mungu ampe mapumziko aliyojinyima.