Waya wa Pili

Mwaka ule wa hamsini na nne, ukifika Garissa ukataka kujua jambo lolote, usiende bomani. Bomani watakuambia ngoja. Nenda barazani mwa lile duka la mabati karibu na soko la mifugo, pale palipolazwa ubao wa nyuma ya lori juu ya madebe mawili, ukae, umwache Khadijo akumiminie kahawa ya tangawizi. Jibu utapata papo hapo, tena utapata matatu, na yote yatakuwa ya uongo. Wenye benchi walikuwa wawili. Kulikuwa na Galgallo, Mborana wa upande wa Wajir, aliyepigana vita vya Wajapani huko Bama akarudi bila cheo ila na jina la Baruti. Na kulikuwa na Isacko, utingo wa lori la Habaswein, aliyeitwa Spana ingawa hakuna aliyewahi kumwona ameshika spana. Kwa kuwa huyu ana lugha ya mamake na yule ana yake, benchini walisema Kiswahili, kila mtu na makosa yake.

Siku hiyo, kabla ya adhuhuri, alikuja mtu ambaye si wa benchi. Alikuwa Hared, mzee aliyepanga zamu za visimani miaka ishirini kabla ya kuhamia mjini. Alisalimia, akaketi, hakuuliza habari za mvua. Akatoa mfukoni mwa koti betri moja ya tochi, vipande viwili vya waya na globu ndogo kama kokwa ya tende, akavipanga ubaoni kimoja kimoja.

— Ndugu yangu Olow anakuja leo, akasema. Ngamia wanaondoka baada ya alasiri. Mchungaji wake ameoa, amemwacha. Anamtaka mwanangu Kulow.

— Na wewe umesemaje? akauliza Khadijo.

— Nilishasema ndiyo. Jana mtoto akalia usiku mzima.

— Analilia nini?

— Analilia hivi alivyopewa na mwalimu, akasema Hared, akaonyesha vitu vyake kwa kidole.

Spana akaichukua betri, akainusa, akairudisha kwa heshima.

— Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, akasema. Kwa hiyo mwache tu alie.

— Nyamaza kwanza, akasema Hared. Nataka mnisaidie kujua kama hiki ni kitu au ni upuuzi. Kama ni upuuzi, Kulow anakwenda na ngamia na moyo wangu mweupe. Jana nilipita shuleni. Nikawakuta watoto ishirini wamesimama duara uwanjani, kila mmoja ana jiwe mkononi. Mwalimu akipiga kofi, kila mtoto anampa wa kulia kwake jiwe lake, anapokea la wa kushoto. Kofi, toa, pokea. Kofi, toa, pokea. Jiwe la Kulow likazunguka watoto wote likamrudia mwenyewe. Mtoto mmoja akienda haja, wote wanasimama. Nikamwuliza mwalimu, hili ni somo gani? Akasema ni somo la umeme.

— Umeme wa mawinguni? akauliza Spana.

— Ndivyo nilivyomwuliza. Akasema ni huo huo, ila huu ni mdogo.

Baruti akatua kikombe chake. Alikuwa akingoja zamu yake, na zamu ya Baruti haikosi kufika.

— Huyo si mwalimu, huyo ni afisa. Bama tulifanya hivyo hivyo. Sanduku la risasi linatoka kwenye lori, mkono kwa mkono mpaka kwenye mzinga. Watoto wenu wanafundishwa kupakua.

— Nyinyi mlisimama mstari, akasema Khadijo, na hawa wako duara. Sanduku lenu lilikuwa linarudi kwenye lori?

— Likirudi ujue mmeshindwa vita.

— Basi si hilo.

Baruti akanywa kahawa kuficha uso. Spana akajivuta mbele.

— Sikilizeni mtu wa magari. Ndani ya betri mna petroli iliyokaushwa. Betri ya lori tunaitia maji kila wiki, inafufuka. Hii ndogo imekauka mpaka ndani. Ukiilowesha kidogo kwenye kahawa itakuwa na nguvu ya kumsukuma punda.

Khadijo akalihamishia dele lake la kahawa upande wa pili.

— Lakini inawaka, akasema Hared. Nyumbani iliwaka. Mtoto alinipa mgongo akafanya anavyojua, alipogeuka nikaona mwanga. Mamake alisoma bismillahi akaufunika kwa bakuli.

— Ukawaka ndani ya bakuli?

— Ukawaka ndani ya bakuli.

Hapo wote wakainama kuitazama globu, kwa sababu moto unaowaka ukifunikwa si moto wa mtu yeyote waliyemjua. Hared akaanza kuona uzito. Alikuwa amekuja akitumaini watamcheka, wamwambie ni mchezo, arudi nyumbani akamfungie mtoto mzigo wake.

— Tuiwashe basi, akasema Baruti. Waya mmoja. Weka kichwani mwa betri, upande wa pili uguse kitako cha globu.

Wakafanya. Spana alishika betri, Baruti akashika waya, Hared akashika globu kama anayemshika kifaranga. Hakuna kilichowaka.

— Mwalimu aliwapa waya mbili, akasema Khadijo.

— Wa pili ni wa akiba, akasema Baruti. Moja shika si kumi nenda uje. Ndivyo walivyosema wazee, na walikuwa wanasema juu ya waya.

— Wazee wako walikuwa na waya?

— Wangekuwa nao wangesema hivyo.

Spana akafumba macho, ishara kwamba kubwa linakuja.

— Mimi nimeelewa. Serikali inataka kuzungusha waya jimbo zima, Garissa, Habaswein, Wajir, Bute, mpaka urudi hapa. Duara, kama watoto. Kila koo itapewa mahali pa kusimama. Watu wa mahali fulani wakihama bila ruhusa, taa inazimika bomani, bwana mkubwa anajua. Si mmesikia, mtoto mmoja akienda haja wote wanasimama?

Baruti alitaka kubisha, lakini alionekana ameogopa. Hata Khadijo alitazama upande wa bomani. Hared hakusikia. Macho yake yalikuwa kwenye waya wa pili uliolala ubaoni, na alikuwa akifikiri habari ya visima.

— Ngamia wenye kiu, akasema polepole, wanaingia kisimani kwa njia moja. Wakishakunywa, siwarudishi kwa njia ile ile. Nikiwarudisha watakutana na wenye kiu, watabanana, hakuna atakayeingia wala kutoka, na watu watatoa visu. Waliokunywa wana njia yao. Miaka ishirini nimepigania njia hiyo.

— Sasa ngamia wameingiaje humu? akauliza Spana.

— Nipe huo waya.

Ncha moja akaibana ubavuni mwa globu, nyingine akaipeleka chini, kwenye makalio ya betri. Globu ikawaka. Ilikuwa mchana kweupe na mwanga wenyewe ulikuwa mdogo, lakini wote wanne waliuona. Hared alicheka, waya ukateleza, globu ikazimika, akaubana tena, ikawaka.

— Wallahi, akasema Khadijo, hicho ni kisima.

Wakakaa wakiutazama. Spana akaomba ashike, akashika. Baruti akashika. Khadijo akashika akasahau kumimina. Betri yenyewe ilikuwa kuukuu, mwalimu aliiomba kwenye tochi ya askari, na watoto walishaichosha. Mwanga ukawa wa manjano, ukawa mwekundu, na ulikuwa mwekundu hivyo Olow alipoingia barazani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akamwamkia ndugu yake kwa Kisomali, akawapa wengine mkono, kisha akaingia Kiswahili chake cha mnadani ili asionekane anasema siri.

— Walaal, ndugu yangu, mtoto iko wapi? Ngamia iko tayari.

— Tazama hiki kwanza, akasema Hared.

Akamweleza yote: mawe, duara, njia ya wenye kiu na njia ya waliokunywa. Olow alichuchumaa akatazama. Wakati anatazama, globu ikafa.

— Imefanya nini?

— Betri imekufa, akasema Spana kwa sauti ya fundi.

Olow akaichukua betri, akaipima mkononi, akaitikisa sikioni.

— Ile mawe ya watoto, ilirudi yote?

— Yote, akasema Hared.

— Hakuna moja ilipotea?

— Hakuna.

— Na hii kitu inatoka hapa, inapita kwa taa, inarudi hapa. Yote?

— Mwalimu alisema yote inarudi.

— Ngamia mia wakienda kisimani na mia wakirudi, mimi siwezi kusema nimefilisika, akasema Olow. Kama yote imerudi, betri imekufa na nini?

Spana alianza kusema kinyozi hajinyoi, akaona mwenyewe haifai, akaiacha njiani. Khadijo aliinamisha dele, yakatoka machicha matupu. Hared aliona aibu, maana miaka ishirini hakuulizwa jambo la kwenda na kurudi akakosa jibu. Baada ya aibu ikamjia hamu, hamu kali ya kujua, na ndani ya hamu hiyo akamwelewa mtoto aliyelia usiku kucha. Kumpeleka porini na swali kama hilo kifuani, na huko hakuna wa kumwuliza ila ngamia, aliona ni ukatili.

— Olow, akasema, mtoto simtoi.

— Walaal, ulisema ndiyo.

— Nilisema kabla hujauliza hilo swali la betri.

— Ngamia arobaini, mimi peke yangu? Fisi itakula mpaka itapike.

— Hutakwenda peke yako.

Akainuka. Ilimchukua muda kuinuka, na Olow alikuwa akimtazama mguu.

— Na hiyo goti?

— Tutakwenda nalo. Khadijo, mwambie mama Kulow nimeondoka na Olow mpaka mvua. Na Kulow umpe vitu vyake. Mwambie amwulize mwalimu hilo swali. Mwalimu asipojua, aendelee kwenda shule mpaka apatikane anayejua.

— Na asipopatikana? akauliza Khadijo.

Hared akafunga vifungo vya koti. Olow akachukua fimbo aliyokuwa ameiegemeza ukutani, akampa ndugu yake. Alikuwa ameikata njiani asubuhi ile, kwa kipimo cha mtoto wa miaka tisa. Hared aliishika hivyo hivyo, akalazimika kuinama ili ifike chini, wakashika njia ya Habaswein.