Ikilia, Iacheni Ilie

Sogeeni karibu, wanangu, na muache kuniangalia kama nimekwisha kufungwa ndani ya sanduku. Olive, inua kichwa changu kidogo. Na weye Emery, kaa pale nitakapoona uso wako, kwa sababu neno kubwa la leo ni lako, nalo ni juu ya kinga yetu, ile baiskeli iliyoegemea ukuta hapo nje.

Shamba la Sange nimempa Olive, yeye ndiye aliyelima mihogo huko wakati wengine walikuwa wanakimbilia mujini, na muntu asimusumbue. Nyumba hii ya Rugenge mutaikaa pamoja. Basile wa chumba cha maombi, aliyesema kinga yangu iko na shetani na inafaa kuchomwa, nimemusamehe. Mumwite aje kunizika, lakini asiiguse.

Sasa sikia, Emery. Uliporudi na muzigo wa makala ya kupikia niliona kivuli chako kikipita mulangoni, lakini sikusikia freni, ile breki yake, ikilia, na moyo wangu ulishtuka. Najua ulichofanya. Uliona haya mbele ya vijana wenzako, ukapaka mawese kwenye mipira ya freni ili inyamaze. Mwanangu, freni yenye mafuta haikamati, hata uifinye mpaka vidole viume, na kesho unataka kushuka mulima umemupakia mutoto wako Divine nyuma!

Baba yenu mudogo Niyonzima alipotelea kwenye kona ya jiwe jeusi, huko juu, siku waya wa freni ulipokatika. Hatukumupata. Tulikuta kinga peke yake, imesimama kando ya korongo lenye muto chini, imeegemezwa vizuri kwenye jiwe. Nilitia waya mupya, nikakata mipira kutoka tairi kuukuu ya gari, nikaishusha minye mwenyewe. Nilipokaribia pale, kabla sijakamata kitu, freni ya kushoto ililia na gurudumu likasimama, na mbele yangu njia ilikuwa imechukuliwa na mvua. Tangu siku hiyo inalia pale kila nikishuka. Kishikio kinaingia chenyewe, na juu ya vidole vyangu nahisi baridi ya mukono wa muntu aliyetoka majini. Ya kulia haijalia hata siku moja. Niliogopa, na hata sasa naogopa, lakini mvi hizi nimezipata kwa sababu ya mukono ule.

Basi toka sasa hivi, jua lingali juu. Fungua mipira, uisugue kwenye jiwe mpaka mafuta yaishe. Osha chuma ya gurudumu kwa sabuni na majivu. Ukirudisha mipira, iguse chuma, isiguse tairi, uiachie nafasi ya unene wa ukucha, kisha kaza nati, na ukikamata, kishikio kisifike kwenye gido, ule usukani. Nyuzi za waya zikianza kukatika, badilisha, usingoje. Na ikilia, iache ilie. Nenda, tutakungoja.

Ah… umerudi? Nilisinzia, naona. Mikono yako inanuka majivu. Vema, mwanangu, vema sana.

Wekeni mikono hapa kifuani, wote. Mungu awafungulie njia… awape watoto watakaowazika… musigombane juu yangu. Huu ni mukono wa Olive. Huu wa Emery. Huu mudogo, wa Divine. Wote muko hapa ndani.

Basi nani anakamata freni huko nje?

Munasikia? Inalia… Olive, usifunge mulango. Mwache. Amekuja na maji yake, angalia, sakafu inalowana… Niyonzima, ngoja kidogo, nimalizie na watoto.

Emery… kesho, pale kwenye jiwe… usishtuke, umubebe Divine vizuri. Freni ya kushoto ni ya Niyonzima. Ya kulia… ya kulia nayo italia… iache ilie, mwanangu… ni minye.