Dua Hailazimishwi: Miaka ya Mwalimu Dativa hapa Namkumba

Tarehe 30 Juni 2025, Mwalimu Dativa Kokushubira anastaafu utumishi wa umma baada ya miaka thelathini na saba, yote akiwa hapa Shule ya Msingi Namkumba. Hakuwahi kuomba uhamisho. Walimu wakuu wamekuja na kuondoka, wengine wamepanda vyeo hadi Lindi mjini, mmoja ametangulia mbele ya haki, yeye amebaki akifundisha Uraia na kuimba. Na asubuhi za shule, ukiacha kipindi kimoja nitakachokieleza, ni yeye aliyekuwa akianzisha wimbo wa taifa.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi kwa sababu, kama mwalimu mkuu alivyosema kikaoni, "Musa ndiye anayekaa naye." Nilikubali, ingawa ukweli ni kwamba Mwalimu Dativa hana mtu anayekaa naye sana. Mimi nilikuwa nikipita tu pale alipokaa, na yeye akinikaribisha kwa kusogeza kikombe chake.

Alizaliwa Kamachumu, wilayani Muleba, mtoto wa mwisho wa mkulima wa kahawa. Alipomaliza chuo cha ualimu alipangiwa Mkoa wa Lindi, na nyumbani kwao hakuna aliyeweza kumwonyesha Lindi iko upande gani. Alishuka kwa meli hadi Mwanza, akapanda treni hadi Dar es Salaam, akavuka Rufiji kwa kivuko, basi likanasa kwenye tope, na abiria wakalala Nangurukuru chini ya paa la mgahawa. Aliingia Namkumba juu ya lori la chumvi, viatu mkononi.

Asubuhi yake ya kwanza gwaride lilikuwa limekwisha pangwa. Alipowasalimia watoto kwa lafudhi ya kwao, walicheka hadi mistari ikavunjika. Mwalimu aliyezoea kuanzisha wimbo wa taifa alikuwa amelala na malaria, hivyo mwalimu mkuu akamwambia mgeni aanzishe yeye. Akaanzisha. Kicheko kikakatika, mistari ikanyooka, na shule nzima ikaitikia.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza kwa nini anaupenda wimbo ule kiasi kile.

"Siku ile, Musa, nilikuwa sijui hata neno la kuombea maji kwa Kimachinga cha huku," alisema. "Kitu nilichokijua mimi, na wao wakakijua, kilikuwa hicho kimoja tu."

Darasani alifundisha maana ya wimbo huo kama watu wengine wanavyofundisha kuogelea: kwa kumtia mtoto ndani kwanza. Hakutaka mtoto akariri tu. Alitaka ajue anaomba nini, anamwombea nani, na kwa nini viongozi nao wamo kwenye maombi. Alipenda maswali. Mtoto mmoja aliwahi kumuuliza kwa nini nchi ya jirani inaimba kwa sauti ileile yetu, je, waliiba? Mwalimu Dativa akamjibu kwamba jirani akiomba mvua kwa maneno yako, mvua haipungui kwako. Jibu hilo lilifika hadi sokoni Kiswere, na wavuvi walilibishania juma zima.

Hakuwa mtu wa kununa. Mwaka juzi kijana wetu, Mwalimu Klementi, alileta spika ili wimbo wa taifa upigwe kutoka kwenye simu, kwa bendi na matarumbeta, kama mashule ya mjini. Ulipofika katikati ya ubeti wa pili, simu ikaita, na uwanja mzima, bendera ikiwa juu, ukasikia mlio wa bongofleva wa mchumba wake. Watoto wa darasa la kwanza wakaanza kucheza. Mwalimu Dativa alingoja wamalize, akasema, "Koo halipigiwi simu," akaanzisha upya. Spika hiyo sasa hutumika kwenye mpira.

Lakini kuna habari moja ambayo wasifu huu ukiiruka utakuwa wa mtu mwingine.

Mwaka 2011 alihamia hapa fundi seremala kutoka Masasi, jina lake Stefano, na binti yake Imani aliyeingia darasa la tano. Dini yao haiwaruhusu kuimba wimbo wa taifa lolote. Kila asubuhi Imani alisimama wima, mikono ubavuni, mdomo umefungwa. Hakusumbua mtu. Muhula mzima hakuna aliyemwona isipokuwa Mwalimu Dativa, aliyekuwa mbele, na yeye hakusema kitu. Kisha mwalimu wa zamu akamwona.

Kamati ya shule ikaitishwa. Mimi nilikuwa bado sijaja, lakini Bi Maimuna, mpishi wetu wa uji, alikuwapo akigawa chai, naye ndiye aliyenisimulia, mara nyingi, bila kubadili neno. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Haruna Likwena, alisema mtoto asiyeuimba wimbo wa nchi anakula ugali wa nchi kwa nini. Wengi wakaitikia. Fundi Stefano alisema binti yake anaiheshimu bendera kwa kusimama, na hawezi kufanya zaidi ya hapo. Ikapendekezwa asimamishwe masomo mpaka atakapoimba. Wote walitazamia kwamba Mwalimu Dativa, mwenye wimbo wake, ndiye atakayekuwa mkali kuliko wote.

Aliinuka polepole.

"Wazee wangu, shikamooni," alisema. "Huu wimbo ni dua. Tunamwomba Mungu. Ninyi ni watu wa dini, mniambie: ni nani kati yenu amewahi kumshika mtu shingo akamwombesha dua, kisha akasema dua ile imepokelewa?"

Bi Maimuna anasema aliacha kumimina chai. Halafu kutoka nyuma, sauti ya mwalimu mmoja ikasema, si kwa kelele, bali kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana:

"Mwacheni. Wageni hawa, wanateteana."

Alikuwa amekaa kijijini miaka ishirini na mitatu. Katika wajumbe wale, watatu aliwafundisha kusoma. Miaka ya nyuma baba yake alifariki Kamachumu msimu wa masika, barabara ya kusini ikiwa imefungwa na mvua, na taarifa alizipata kwenye redio, katika matangazo ya vifo, maziko yakiwa yamekwisha kufanyika. Kesho yake alisimama mbele ya watoto wa watu hawa akaanzisha wimbo, kisha akaenda kulilia chooni. Hakuna aliyemwambia pole, kwa kuwa hakumwambia mtu. Sasa alisimama kati ya viti, na Bi Maimuna anasema alionekana kama mtu aliyeitwa jina, akageuka, akakuta anaitwa mwingine.

"Basi," alisema, "mimi mgeni nitasimama kama wageni wanavyosimama. Wimbo aanzishe mwenyeji."

Imani akasimamishwa masomo. Na kuanzia siku iliyofuata, Mwalimu Dativa akawa anasimama mwisho wa mstari wa darasa la saba, akiimba kwa sauti ya kawaida, haanzishi. Aliyepewa kazi yake alianza juu mno, na ilipofika kwenye kiitikio, watoto walikuwa wakilia kama paka. Wiki ya pili alianza chini mno. Ingekuwa siku nyingine watu wangecheka pamoja.

Walimu wakaacha kuzungumza naye. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake kufanya hivyo. Ilitokea tu, kama maji yanavyopata njia. Akiingia ofisini, mazungumzo yaligeuka kuwa ya hali ya hewa. Chai akaanza kuinywa nje, nyuma ya stoo, penye kivuli cha paa. Jioni Imani alikwenda nyumbani kwake na daftari zake, akafundishwa masomo yaliyompita, na taa yao ikawa inasemwa kijijini kama jambo la aibu. Wazazi wawili walikwenda kumwuliza mwalimu mkuu kama mwanamke yule amebadili dini. Hakuwa amebadili. Kila Jumapili alitembea hadi kigango kusali, na huko nako watu walimwachia benchi zima.

Mambo yalikuja kugeuka msimu wa korosho, na hayakugeuzwa na kikao. Mzee Haruna alikuwa akielekea shambani kwake asubuhi, akapita nyuma ya shule wakati wimbo unaanza. Nje ya uzio wa miti alimkuta Imani, amevaa sare, amesimama wima, uso umeelekea bendera ambayo kutoka pale ilionekana ncha tu. Mzee alingoja hadi wimbo ukaisha.

"Wewe si umefukuzwa?" akamuuliza.

"Shikamoo babu. Ndiyo, nimefukuzwa."

"Sasa umesimama hapa kufanya nini?"

"Wimbo ulikuwa unaimbwa, babu."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Huwa nasimama, kisha narudi nyumbani."

Mzee Haruna alimshika mkono, akaingia naye hadi katikati ya gwaride, jembe likiwa begani. Watu walidhani anamleta kumshtaki. Akasimama mbele ya mwalimu mkuu na kusema kwa sauti ambayo hata Mwalimu Dativa, kule mwisho wa mstari, aliisikia:

"Mwalimu, huyu nimemkuta nje amesimama peke yake, haonwi na mtu. Hawa wako wa ndani nimewachungulia kwenye uzio: watatu wanatafuna mabibo, mmoja anamfinya mwenzake, na wewe mwenyewe unatazama saa. Mimi nilikosea kwenye kikao. Mpe mtoto nafasi yake."

Akaondoka kwenda shambani.

Imani akarudi darasani siku hiyohiyo. Mwalimu mkuu akamwomba Mwalimu Dativa arudi mbele, na kesho yake akarudi, wimbo ukaanza kwenye sauti yake, watoto wakaufuata kwa furaha ya mtu aliyevua kiatu kinachobana. Kwa shule, jambo likawa limekwisha.

Kwake halikuisha. Mwishoni mwa mwaka fundi Stefano alipata kazi mahali pengine, familia ikaondoka kwa gari la alfajiri, na Imani hakupata nafasi ya kumuaga. Mzee Haruna, aliyempelekea Mwalimu Dativa mkungu wa ndizi kumwomba radhi, alifariki masika yaliyofuata. Aliyesema lile neno "wageni" alihamishwa bila kulifuta. Walimu walianza tena kumsalimia, kwa uchangamfu mkubwa hata, lakini hakuna aliyemwambia rudi ofisini. Na yeye hakujirudisha.

Niliripoti hapa mwaka 2013 na nikamkuta pale nyuma ya stoo na kikombe chake cha bati. Nilimuuliza kwa nini hakai na wenzake. "Huku kuna upepo," alisema, na ilikuwa kweli, kulikuwa na upepo.

Mafanikio yake ni mengi. Kwaya ya shule ilishinda ngazi ya mkoa, na wasichana wake wawili wa kwaya hiyo leo ni wauguzi Kilwa Masoko. Watoto wa Mwalimu Dativa, yaani aliowafundisha, maana hakuzaa mwenyewe, wamo jeshini, bandarini na madarasani, na mmoja ana duka la simu huko Rasbura lenye picha ya mwalimu wake ukutani. Alianzisha saa ya mjadala, ambapo darasa la saba hubishana kama ni lazima kila mtu aimbe, na kama wimbo ni wa serikali au wa watu. Sharti lake ni moja: anayebisha aanze kwa kusema hoja ya mpinzani wake vizuri kuliko mpinzani mwenyewe. Nimewaona watu wazima waliosoma sana wakishindwa mtihani huo.

Sote tulidhani akistaafu atarudi Kagera. Desemba iliyopita alikwenda kuangalia. Aliporudi nilimuuliza habari za nyumbani, akacheka kicheko kifupi. Watoto wa kaka zake walimpokea vizuri, wakamchinjia kuku. Lakini alipofungua mdomo kuzungumza Kihaya, walitazamana. Wakaanza kumwita shangazi Mswahili. Siku ya tatu alimsikia mmoja akimwuliza mwenzake, "Mgeni ataondoka lini?"

"Hawakuwa na ubaya," aliniambia. "Waliuliza tu."

Kwa hiyo anabaki hapa. Amejenga vyumba viwili njia ya Kiswere, vyenye baraza inayotazama mikorosho, na mwezi uliopita alihamishia huko kitanda, redio na masufuria. Nilipomsaidia kupanga vyombo niliona sahani kumi na mbili mpya, na kiti kimoja.

Walimu tulipokaa kuamua zawadi ya kumuaga, Mwalimu Klementi alipendekeza feni, wengine godoro, wengine vitenge. Tukaona heri tumuulize mwenyewe. Tulimfuata nyuma ya stoo, wote, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akashtuka akidhani kuna msiba. Tulipomweleza, alisogeza kikombe chake.

"Msininunulie kitu," alisema. "Ila Jumapili nikitoka kusali napika. Mje mle. Hata kama ni mmoja."

Mwalimu mkuu ndiye aliyeanza kujifuta macho, akisingizia vumbi.

Mwalimu Dativa, tunakushukuru kwa miaka yako yote, kwa sauti yako, na kwa siku uliyosimama kati ya viti. Jumapili hii tunakuja mimi na mke wangu, na Klementi anabeba viti. Tumesikia unapika ndizi za kwenu, na kwamba tangu uje pwani hujapata mtu wa kumpikia. Tunakuombea uzee wenye afya na nyumba yenye watu. Tafadhali pika nyingi.