Msellem Duni, Mafuta ya Makonyo na Pembe Moja Isiyolimwa

Bwana Msellem Duni, dereva na fundi wa trekta letu dogo hapa Ushirika wa Jembe Moja, Madungu, anastaafu Jumamosi hii, tarehe 31 Januari, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mbili, na kila anachokijua kuhusu injini nimemfundisha mimi.

Sentensi hiyo nilimpelekea karani wetu, Bi Kauthar, aipige chapa. Aliisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Mzee Ame, wewe Mungu humwogopi?" Basi, nafuta kipande cha mwisho. Mimi ni mlinzi wa geti. Nilichomfundisha Msellem ni kulifungua geti letu bila kelele siku aliyochelewa, na hilo nalo lilimshinda. Shule niliiacha darasa la nne, kwa maafikiano mazuri baina yangu na mwalimu. Lakini wenye vyeti hapa wote ni wa juzi. Anayemjua Msellem tangu ana nywele nimebaki peke yangu, kwa hiyo mtanivumilia.

Aliajiriwa mwaka uleule trekta lilipoteremshwa bandarini Wesha. Lilikuwa dogo hata wapagazi wakauliza mama yake atashuka na meli ipi. Msellem akalipa jina la Kijogoo, kwa sababu umbo hakuna lakini sauti ipo. Tangu hapo hajaachana nalo. Mkewe aliwahi kusema kwamba angejua angeolewa na Kijogoo moja kwa moja, apunguze mtu wa kati.

Sasa, wasifu wa mstaafu hueleza sifa, na mimi nimeambiwa nieleze sifa. Lakini ya Msellem haielezeki bila kupita Bonde la Mchekeni, kule njia ya Vitongoji, mahali ambapo yeye mwenyewe hapiti.

Mchekeni ni bonde la mpunga lenye tope la kushika mguu na kuukatalia. Kijogoo kilikuwa kikifika katikati na plau yake ya sahani tatu, kinakohoa, kinazima. Akina mama wenye mashamba hukaa tutani wakingojea zamu, na midomo yao haingoji zamu. "Mwanangu Msellem," Bi Nusaiba alimwita siku moja, "hilo trekta au kuku anatafuta pa kutagia?" Bonde zima likacheka. Msellem akatafuta nguvu.

Madereva wengine nguvu huitafuta kwa bisibisi. Wanaikaza ile skrubu ya pampu, dizeli inamwagika ndani kwa wingi, trekta linatoa moshi mweusi kama tanuri la chokaa, na baada ya wiki injini inakufa. Msellem hilo alilijua, akaliogopa. Akaja na lake. Mama yake, marehemu Bi Mwatum, alikuwa akiumwa na magoti, na kila alipokandwa kwa mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, alinyanyuka akaenda sokoni kwa miguu. Msellem akawaza: mafuta ni mafuta, kiungo ni kiungo. Yakimnyanyua bibi kizee, Kijogoo yatakishindwaje? Akatia chupa nzima ndani ya tangi la dizeli.

Wallahi, kwanza kilikwenda. Kiliingia shamba la mke wangu, Bi Rahila, kikinukia kama chumba cha mzazi, na mimi niliyekuwa tutani nikatangaza kwamba shauri lile limetoka kwangu. Uongo mtupu. Kilipobakia kipembe kimoja tu, mistari mitatu hivi, Kijogoo kikazima. Mafuta ya makonyo hula mpira, nasi hatukujua. Mipira ya pampu ilikuwa imevimba na kulainika kama muhogo uliorowekwa, dizeli inatiririka topeni. Hapo nikatangaza kwa sauti kubwa zaidi kwamba shauri lile ni la Msellem.

Alivutwa kwa kamba, yeye juu ya kiti, na wanawake wakamtungia wimbo palepale: Kijogoo kina baridi yabisi, mkandeni, mkandeni! Aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote ni mwandishi wa maneno haya.

Vifaa vilichelewa kutoka Unguja, masika ikaingia, na mashamba ya chini yakabaki hayajalimwa. Hilo halikuwa la kuchekesha. Msellem alikuja na jembe la mkono, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi, akalima shamba la Bi Nusaiba lote, kisha la jirani yake. Kwa Bi Rahila hakufika, maana mimi nilikuwa nimesimama pale, na bado nilikuwa naimba.

Tangu mwaka ule hajakanyaga Mchekeni. Zamu ya huko ikifika hubadilishana na Ashraf, kijana wake wa kazi, ambaye kwa hivyo amelijua bonde lile kuliko nyumba yao.

Na sifa zenyewe ndizo hizi, zilizotokana na aibu ile. Msellem aliacha kukitilia Kijogoo nguvu, akaanza kutafuta ile kilichokuwa nayo inapotelea wapi. Akafungua chujio la hewa, akakung'uta vumbi na makapi ya mpunga ya kujaza kawa. Injini ilikuwa inapumua kama mtu aliyefunikwa blanketi. Plau akaipunguza, sahani tatu zikawa mbili. Matairi ya nyuma akayajaza maji yapate uzito, na kwa kazi ya tope Nassor mchomeleaji akamtengenezea magurudumu ya chuma. Dizeli akawa anaiacha itulie kwenye pipa kabla hajaiteka, maji na taka zikae chini. Kijogoo kilekile, injini ileile, kikaanza kulima mabonde ambayo matrekta makubwa yanazama mpaka kwenye ekseli. Wengine walikuja kumuuliza dawa gani ametia. Neno dawa lilimfanya awe mwekundu, na Msellem si mtu mweupe.

Kila dereva aliyepita mikononi mwake alianzia somo moja. Msellem humpa chupa tupu anuse, kisha humwambia, "Hii ndiyo iliyouza jina langu. Haya, nenda kafungue chujio." Kwa wanafunzi haoni tabu kusema. Tabu yake ni kwa waliokuwepo.

Ndiyo maana wiki iliyopita aliingia kwa mkuu wetu, Bi Asya, akaomba sherehe isifanywe. Cheti chake apewe dirishani kama stempu. Amesikia kwamba akina mama wa Mchekeni wamealikwa, na anaogopa wataimba.

Msellem, ukiisoma karatasi hii, jua kwamba wataimba. Sikufichi. Lakini nilikwenda mwenyewe kwa Bi Nusaiba kumwomba waache, naye akanitazama kama mtoto aliyevunja mtungi. "Wewe Ame ndiye wa kusema? Mpunga wa mwaka ule wanangu wamekula kwa mikono ya Msellem. Wimbo ule tunauimba kila tukianza kulima, na tukiuimba tunamwombea. Wewe ulikuwa ukiimba nini?" Nilirudi kwa miguu mpaka Madungu ili nisionekane kwenye gari.

Kwa niaba ya ushirika, wakulima, na geti ambalo sasa litafunguliwa kwa kelele za wengine, tunakushukuru Bwana Msellem. Mungu akupe uzee wenye magoti mazima, shibe, na usingizi wa mchana usiovunjwa na mtu anayebisha hodi kuuliza habari ya pampu.

Limebaki moja: wewe unanidai radhi, nami nakudai kile kipembe. Kwetu Mchekeni aliyetia jembe la kwanza shambani ndiye anayemaliza, na akimaliza hulishwa hapohapo. Bi Rahila amekataa Ashraf asiguse pembe ile. Miaka yote hii imebaki majimbi mwitu, na kila nikiingia ndani huulizwa rafiki yangu anakuja lini. Jumamosi tukishakula na kusema, Kijogoo kitakuwa getini. Dizeli nimeitia mimi na nimeinusa. Radhi nitakuomba palepale tutani, kwa sauti ileile niliyoimbia. Njoo unimalizie mistari yangu mitatu, na chupa uiache nyumbani.