Iache Ikae Kwanza: Kumuaga Fundi Mbarouk Kheir

Baada ya miaka thelathini na miwili katika karakana yetu ya Bahari Njema, Malindi, Fundi Mbarouk Kheir anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Mimi, Shemsa Jecha wa stoo ya vipuri, nilipewa kazi ya kuandika wasifu wake, na nilishaandika mmoja wa kuchekesha. Nimeuchana. Mwezi uliopita mkewe, Bi Tahiya, alitangulia mbele ya haki, na sina moyo wa kumchekesha mtu.

Lakini moja la kucheka nitalisema, maana yeye mwenyewe hulipenda. Siku yangu ya kwanza stoo alikuja kuniomba mito miwili ya foklifti. Nikamwelekeza Darajani, kwenye maduka ya magodoro. Karakana nzima ilinicheka mpaka adhuhuri. Kumbe mito, kwa Fundi Mbarouk, ni zile raba zinazobeba injini, ambazo mafundi wengine wote huziita mauntini. Yeye husema injini nayo ina kichwa, ilazwe vizuri. Raba hizo zikichoka, injini hurukaruka na gari nzima hutetemeka.

Malori na foklifti zote zinazobeba shehena zetu bandarini zimepita mikononi mwake, na mafundi wote tulionao amewafunza yeye. Somo lake ni moja. Ukifunga mito mipya usikimbilie kukaza nati. Shusha injini, iwashe, iache itikisike ijitafutie mahali pake, kisha ndiyo ukaze. Mwenye pupa huikaza ikiwa imepinda, na mtetemo unabaki palepale. “Iache ikae kwanza,” husema, na husema hivyo hata kwa ugomvi, kwa posa na kwa chai.

Mganga hajigangi. Gari yake mwenyewe, ile ndogo nyeupe, ilikuwa ikitetemeka miaka na sisi tukimtania. Utani uliisha Bi Tahiya alipopatwa na maradhi ya mifupa. Alikuwa na ombi moja tu, apelekwe kwao Jambiani, kwa dada yake, asije akafia mjini. Gari ya wagonjwa hakuitaka. Alisema ile huwatangazia watu matanga kabla ya wakati. Ya kuazima pia hakuitaka. Alitoka kwao kuolewa kwa gari ya Mbarouk na atarudi kwa gari ya Mbarouk. Lakini kila injini ilipowashwa maumivu yalimzidi, akateremshwa kabla hawajatoka mtaani.

Basi Jumapili moja Fundi Mbarouk alifungua kazi uani kwake, Mwanakwerekwe, akisaidiwa na mwenzetu Ayoub. Waliiinua injini kwa jeki iliyowekewa kipande cha ubao, wakatoa raba za zamani, zikatoka vipande vipande. Wakafunga mito mipya. Ayoub anasema hajapata kumwona mzee akifanya haraka namna ile. Alikaza nati zote papo hapo, akawasha. Gari ikatetemeka kama jana. Fundi Mbarouk akakaa chini uani, akalia.

Dirisha la chumba lilikuwa wazi. Bi Tahiya, kitandani, alikuwa akisikia yote. Akamwita kwa sauti ndogo: “Mbarouk, si husema mwenyewe kila siku? Iache ikae kwanza.”

Fundi Mbarouk akainuka, akalegeza nati zote, akawasha, akaingoja injini ijitulize. Kisha akakaza.

Kesho yake walikwenda. Karibu na Jozani walisimama, kima punju walikuwa wakivuka barabara, na Bi Tahiya, aliyelazwa kiti cha nyuma akiwa amefumba macho, akauliza: “Imezimika?” Haikuzimika. Fundi Mbarouk ametuambia kuwa katika kazi yake yote hajapata kusifiwa kuliko hivyo. Alimfikisha kwao, na huko ndiko alikozikwa. Mungu amrehemu.

Tangu tulipotoka maziko hatujampa nafasi ya kupumua. Mkuu wetu Himid anamtaka arudi kwa mkataba. Ayoub anataka wafungue gereji. Wako hata waliokwisha kumtajia mchumba, hawana haya. Na mimi nimo, kila siku nampigia simu nikimwambia ajikaze.

Fundi wetu, ahsante kwa mikono yako, na ahsante kwa kunicheka siku ile. Tunakuombea siku njema zilizobaki, zije kwa mwendo wake. Leo hatukwambii ujikaze. Tetemeka utakavyo, tupo. Ya kukaza tutakaza baadaye, ukishakaa.